Kikombe Kiligongwa Mara Moja

Baba,

Kikao cha ukoo kitafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi, uani kwako. Ametangaza hivyo mdogo wako, baba mdogo Ambakisye, jana baada ya ibada, akiwa amesimama kwenye ngazi za kanisa na mwavuli mkononi. Alisema mambo ni matatu: kuwashukuru waliotusaidia kuzika, kukubaliana nani atabaki kwenye nyumba kubwa, na kuuliza nani ana neno. Baada ya hapo chakula. Baada ya chakula, msiba umekwisha.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jipya. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba mtu anayeanza habari na historia ana jambo anaficha.

Nami ninalo.

Ukiondoa maneno matatu, ambayo nitayafikia, sijawahi kusema nawe. Miaka kumi na moja nimekuwa mke wa mwanao Lusajo, na katika miaka hiyo sikukusalimia hata siku moja. Vijana wa redioni walikuwa wananicheka. Gwakisa, yule msomaji wetu mdogo, aliniuliza, "Dada, huu mwaka gani? Mkwe si baba tu?" Nikamwambia kwetu Kisiba mama yangu hakumwangalia babu mzaa baba usoni mpaka babu alipokufa, na mimi nilipoolewa mtaa huu wa Bagamoyo, si ile ya pwani, sikuambiwa kwamba sheria imebadilika. Wenzangu wengine walioolewa hapa mjini wanakula meza moja na wakwe zao. Wewe hukupenda hivyo, nami nilikuwa nimelelewa kutopenda hivyo. Hatukukubaliana kwa mdomo. Tungekubaliana vipi?

Kwa hiyo nilikujua kwa mgongo. Koti la kijivu la kiwandani, viatu vya mvua, kofia. Ulikuwa unakohoa ukifika kwenye kona ya zizi ili nijue unapita, nami natoka njiani naingia kwenye migomba, nageuka, nangoja hatua zako zipite. Jina lako sikulitaja. Hata hapa sitaliandika. Anayejua ni barua ya nani anajua.

Bado naingia kwenye migomba, Baba. Nikifika kona ya zizi mguu unatoka njiani wenyewe. Nasimama pale kwenye umande, nageuza uso, nangoja. Hakuna anayepita. Jumatano Tumpe aliniona nikiwa nimesimama hivyo na ndoo ya maziwa. Alinipita akaenda zake. Binti yako hasemi sana siku hizi, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Lakini kwanza redio. Kila siku ya kazi saa saba mchana ulinisikiliza, na kila nilipokosea salamu zilinifikia kupitia kwa Tumpe kabla sijavua viatu. "Baba anasema Kisiba ni kata, usiisome kama kijiji." "Baba anasema chai haivunwi na wavunaji, inachumwa na wachumaji." Siku ile mwenyekiti wa kijiji mwenye jina kama lako alipogombana na watu wake kuhusu mpaka wa shamba, niliisoma habari yote bila kumtaja. "Mwenyekiti huyo," "kiongozi huyo," mpaka mwisho. Mhariri alinifokea. Nilipofika nyumbani Tumpe alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. "Baba anasema habari isiyo na jina ni umbea. Anasema redioni usome tu. Redio haina mkwe."

Redio haina mkwe. Niliiandika sentensi hiyo kwenye kijitabu changu cha kazi. Ilikuwa ruhusa, na nadhani ilikuwa pia salamu.

Jumanne iliyopita nilisoma tena "kijiji cha Kisiba." Sijui kama nilikosea kwa bahati mbaya. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni na mkoba ukiwa bado begani. Hakuna aliyeleta salamu.

Sasa niseme habari yenyewe. Nitaisema kama ningeiandika kazini, kwa mpangilio wa saa.

Ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Lusajo alikuwa kazini Mbeya na hakurudi wiki ile. Tumpe alikwenda mazoezi ya kwaya saa sita kasoro, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Alipokuwa anatoka alinipigia kelele kutoka getini, "Wifi, chakula cha baba usisahau, na usikitie pilipili, wewe una mkono mzito!" Nikamjibu kwamba mkono mzito ni wa kaka yake. Alicheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Nilipika ndizi na maharage. Nilikuwekea sebuleni ukiwa bado unakata majani ya ng'ombe, pamoja na maziwa mgando kwenye kile kikombe chako cha bati. Nikarudi jikoni. Utaratibu tulikuwa nao tangu mama mkwe afariki, na hakuna aliyetufundisha, uliuanza wewe. Ukimaliza kula unagonga kikombe kwa kijiko mara mbili, unatoka kwa mlango wa mbele, unakaa barazani. Nikisikia mara mbili naingia kwa mlango wa nyuma kutoa vyombo. Miaka sita tulifanya hivyo kila Tumpe alipokuwa hayupo. Hatukukosea hata siku moja.

Saa saba taarifa ya habari ikaanza. Gwakisa alikuwa anasoma. Alikuwa kwenye muhtasari, habari ya pili, nilipokusikia umegonga.

Mara moja.

Nikangoja ya pili.

Sijamwambia mtu mwingine kuhusu kugonga huko kwa mara moja isipokuwa Lusajo. Taarifa yetu ni dakika kumi. Najua ulipogonga, na najua Gwakisa alikuwa amefika wapi nilipoinuka: alikuwa anaaga wasikilizaji baada ya hali ya hewa. Mtu mwingine angesema "kitambo kidogo." Mimi siwezi kusema hivyo. Nilikuwa na saa inayozungumza mbele yangu, juu ya gunia la mkaa.

Ningependa kuandika kwamba mwiko ndio ulionizuia. Kwa sehemu ni kweli. Mara moja haikuwa na maana yoyote kati yetu, na kuingia ukiwa bado ndani lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lakini sehemu nyingine ni hii: Gwakisa alikosea jina la mkuu wa shule, nikakasirika, nikachukua kalamu nimwandikie. Kwa dakika kama mbili au tatu sikuwa nakungoja. Nilikuwa nasahihisha habari.

Halafu redio ikacheza wimbo, na nikagundua kwamba kutoka nyumbani kwako hakukuwa na sauti. Si kijiko, si kiti, si kikohozi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimwambia Lusajo uani, nami nikiwa jikoni, kuhusu mashine za kukaushia majani ya chai ulizozitunza kiwandani. Ulisema mashine ikipiga kelele ngeni usiogope sana, una muda, tafuta spana. Lakini ikinyamaza na hakuna mtu aliyeizima, kimbia. Ulimwambia mara nyingi mpaka akawa anamalizia yeye. "Kimbia, Baba, nimesikia."

Mimi pia nilikuwa nimesikia. Sikukimbia. Nilitoka, nikaenda kwenye ua kumwita jirani aje aingie yeye. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, wamekwenda sokoni. Ndipo nikaingia.

Ulikuwa sakafuni kati ya meza na kiti, kijiko mkononi. Macho yalikuwa wazi. Ukaniangalia, na hukugeuza uso, na mimi sikugeuza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokuona. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto ambalo halionekani kwenye picha ya harusi. Mjukuu wako Neema analo jicho lako hasa, lile linalofunguka zaidi ya lingine.

Nikasema, "Baba, ni mimi."

Hayo ndiyo maneno matatu. Watu wananilipa mshahara kwa kusema, na hayo ndiyo niliyoyapata. Ulitoa sauti. Haikuwa neno. Baba mdogo aliniuliza hospitalini, "Alisema nini?" na mashangazi wakaniuliza, na wote walikuwa wanataka neno la kubeba nyumbani. Nikawaambia hukusema. Ni kweli, na sitakubunia. Niliita bajaji kwa simu, nikakushika mkono mpaka ilipofika. Mkono wa kulia ulinishika pia. Kesho yake alfajiri wakatupigia simu.

Hakuna aliyeniuliza, "Ulingoja muda gani?" Walidhani wanajua. Mkwe kaanguka, mkamwana kaingia, kavunja mwiko ili amwokoe. Wamama wa jumuiya wanalisimulia hivyo, nami nimekaa palepale wakilisimulia. Kwenye matanga nilikaa nyuma na kanga kichwani, sikulia kwa sauti, sikuongea. Wakasema, "Mama Neema huyo ndiye mkamwana. Tazama heshima yake, hata mdomo haufungui." Mmoja alimwambia binti yake ajifunze kwangu.

Sikuwa naheshimu, Baba. Nilikuwa naficha. Kwa macho ya watu vitu hivyo viwili vinafanana kabisa.

Tangazo la kifo chako nililisoma mwenyewe redioni, na jina lako nikalitaja, kwa sababu uliniruhusu. Baada ya jina nikakwama. Fundi mitambo alinipungia mkono kwenye kioo, kwa sababu kwetu ukikaa kimya hewani kidogo tu, watu wanadhani kituo kimezima, wanahama. Nikaendelea. Jioni wasikilizaji wakapiga simu kupongeza. Walisema wameguswa na jinsi nilivyonyamaza kumpa mzee nafasi. Ukweli ni kwamba niliangalia saa ya ukutani, nikaona sekunde zinakwenda, na nikawa jikoni tena.

Nilimuuliza daktari wa zamu. Nilimuuliza kwa sauti ya kazi: kwa kiharusi cha namna ile, dakika kumi zina maana gani? Aliniangalia kidogo. "Unauliza kama mwandishi au kama mtu wa mgonjwa?" Akasema huenda zingesaidia, huenda zisingesaidia, na kwamba hakuna atakayejua. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika chochote. Ni jibu la kweli. Lakini siwezi kulilalia.

Lusajo nilimwambia usiku wa tatu wa msiba. Akasema, "Mama Neema, yaache yaishe. Ukisema, mzee atarudi?" Anasema kwa upendo. Na mimi ningemsikiliza, Baba, nadhani ningemsikiliza na ningezeeka na jambo hili, kama si Tumpe.

Tumpe hajaimba tangu siku ile. Mwalimu wa kwaya amekuja mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni na mvua inamnyeshea, akasema sauti ya pili imebaki na watu wawili na mmoja wao anaimba kama anaita kuku. Zamani Tumpe angecheka hadi majirani watoke. Alisema tu, "Karibu chai, mwalimu." Alipoondoka nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Wifi, baba anaanguka, mimi naimba. Angekuwa na mtu wake ndani angepona. Wewe ulikuwa jikoni, ungejuaje? Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa mle ndani."

Wewe ulikuwa jikoni, ungejuaje.

Nilikuwa na nafasi. Kisu chake kilikuwa kinakwenda, maganda yanaanguka kwenye beseni, hakukuwa na mtu mwingine. Nikasema, "Usiseme hivyo, wifi." Hilo ndilo nililosema. Habari mbaya zaidi niliyowahi kuitoa.

Anabeba dakika zangu, Baba. Anazibeba bila kujua ni za nani. Amekuwa mwembamba. Jioni anakaa barazani kwenye kiti chako na redio imezimwa, na mimi niko upande wangu na yangu imezimwa, na uani kote yanasikika maji yanayodondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Nilidhani kuna kitu kizuri katika watu wawili wanaokaa kimya kwa ajili ya mtu mmoja. Kimya chake kinasema "nimekosa," na changu kinamwacha aendelee kusema hivyo.

Narudi kwenye kikao. Unajua utaratibu wa ukoo wako kuliko mimi. Nilielezwa na mama mkwe mwaka nilioolewa. Kabla ya chakula cha kumaliza msiba mzee anauliza mara tatu, "Nani ana neno?" Mwenye kinyongo anakisema, mwenye kosa analitaja. Asiyesema baada ya mara ya tatu anahesabiwa ameapa kwamba hana kitu. Wakishakula, jambo la marehemu haligusiwi tena, na anayeligusa ndiye mwenye makosa. Mama mkwe alisema ndiyo maana wengine chakula hicho kinawakaba.

Kwa hiyo nina mpaka Jumamosi. Baada ya hapo, hata nikitaka kumtua Tumpe mzigo, sitaruhusiwa. Atakuwa ameumeza, nami nitakuwa nimeumeza pamoja naye.

Tatizo jingine ni kwamba mkamwana hasemi kwenye kikao hicho. Wanawake walioolewa wanakaa upande wa jiko, na mwenye neno analipitisha kwa mume. Lusajo hatalipitisha, ameshaniambia. Jana nilimfuata baba mdogo pale ngazini watu walipopungua. Nilisimama upande, sikumtazama, kama inavyotakiwa, na nikamwomba nafasi ya kusema mwenyewe. Nilisikia mwavuli wake ukichuruzika kwenye simenti. Nilifikiri amekataa. Kisha akasema, "Ni neno la marehemu au ni neno lako?"

"Langu."

"Zito?"

"Zito, baba."

"Basi kaka yangu alikuwa anakusikiliza kila siku saa saba, huku chakula chake kikipoa. Sisi ni nani tukatae?" Halafu akaongeza, "Lakini usitusomee taarifa ya habari. Useme."

Nimejaribu. Nimeandika mara nne, na kila mara inatoka kama taarifa: muda, mahali, mhusika. Hii ndiyo ya tano, na nimeiandika kwako kwa sababu wewe ndiye msikilizaji pekee niliyemzoea. Nilisema, ukasikiliza, hukunijibu moja kwa moja, na bado nilijua upo. Watu wangesema hatukuwa na mazungumzo. Sikuwahi kukaa kimya na mtu yeyote vizuri kama nilivyokaa na wewe. Sasa nimekaa na kimya ulichoacha, na hakifanani. Kile cha kwanza kilikuwa na mtu ndani yake.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Nitauomba mbele ya watu, kwa sababu huko ndiko nilikosifiwa.

Lakini Tumpe hatasikia siku ile. Kazi imenifundisha kwamba habari inayomhusu mtu isimkute hadharani. Ijumaa natoka kazini saa tisa. Saa kumi atakuwa jikoni anawasha moto. Nitachukua kigoda, nitakaa, na nitamwambia kuhusu kikombe kugongwa mara moja, kuhusu Gwakisa na jina la mkuu wa shule, kuhusu ua wa jirani, yote, na sitaongeza "ungejuaje." Anaweza kunichukia. Anaweza kuondoka na ndizi zikiungua. Anaweza kuniambia nitoke kwenye nyumba ya baba yake. Nimefikiria kila moja na hakuna ninayoweza kuizuia. Ninachotaka ni kimoja tu: kwamba Jumapili, akiamua kufungua mdomo kanisani au akiamua kuufunga, uwe uamuzi wake kwa habari sahihi.

Kikombe chako ninacho mimi. Tumpe alitaka kukigawa pamoja na nguo, nikamwomba, akanipa bila kuuliza. Rangi imebanduka pale ulipokuwa unagonga, alama nyeusi ya ukubwa wa punje ya maharage. Nilikiosha siku ya kwanza na sijakitumia.

Lala, Baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa masahihisho yote. Kisiba ni kata. Sitakosea tena, na nikikosea nitajisahihisha hewani, kwa jina langu.

Jumamosi, saa nne. Baba mdogo akiuliza mara ya kwanza, nitasimama kutoka upande wa jiko. Kikombe kitakuwa mkononi, na kijiko. Nikimaliza kusema, nitagonga mara mbili.

Mkamwana wako,
Mama Neema